Sista wa Paking

Ukitaka kumkasirisha Sista, mkumbatie. Alikuwa ananyoosha mkono mmoja mbele kama askari wa trafiki, mwingine ameshika mkoba wake, na kabla hujamfikia anakuuliza, "Umenawa?" Huo ulikuwa mtindo wake miaka mingi kabla ya korona. Korona ilipokuja na dunia nzima ikaanza kusalimiana kwa viwiko, sisi wa kanisa lake tulicheka, tukasema haya, sasa kila mtu amekuwa Sista.

Tulimwita hivyo kama Wakenya wanavyomwita nesi yeyote, na sidhani watu kumi katika Minneapolis na Saint Paul walilijua jina lake kamili. Kwao ni wapi, ni mtoto wa nani, alifika Amerika lini, hayo usiniulize. Na Mkenya kukaa na Mkenya mwenzake miaka kumi na minne bila kujua kwao ni wapi, jameni, hiyo ni ajabu! Nilijaribu kumpeleleza mara moja tu, tukimenya viazi vya karamu ya kanisa. Akanitazama juu ya miwani. "Menya, Mama," akasema. "Viazi havina kabila." Nikamenya.

Alikuwa nesi mkuu wa kliniki moja ndogo kule Saint Paul. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, kazi ya kuosha, kulisha na kugeuza watu vitandani, mgongo wangu ni shahidi. Huku nusu ya Wakenya tuko kwenye kazi za afya, kwa hivyo kusema mtu ni nesi si kusema kitu. Kusema mtu ni Sista, hapo watu walikaa vizuri kwenye viti.

Nianze na ubaya wake, maana wema wake utafika wenyewe. Alikuwa mkali. Ukichelewa mkutano wa akina mama dakika tano, anakuhesabia dakika hizo mbele ya watu. Wasichana waliokuja kanisani na sketi fupi aliwarushia leso mapajani bila kuomba ruhusa, na mmoja aliwahi kulia. Kwenye kujifunza Biblia alikuwa upande wa mchungaji sikuzote, na mchungaji wetu si mtu wa kubadilisha mawazo. Aliimba vibaya, Mungu anisamehe, na bado alisimama mstari wa mbele wa kwaya. Alitukataza sukari, sisi wote wenye presha na wasio na presha, huku chai yake ikiwa na vijiko vitatu. Ukimwambia, anajibu, "Mimi najua ninachokufa nacho. Wewe je?"

Kuendesha gari, usiseme. Alikaa Blaine, na kutoka Blaine mpaka kazini alikwenda mwendo wa maiti, mikono miwili kwenye usukani, magari yanampigia honi nyuma mpaka yanachoka. Nilipanda naye mara moja kwenye barabara kuu. Nilishuka nimetubu dhambi zote.

Lakini umbea hakuwa nao hata chembe. Akina mama walimzunguka kwa ujanja, Sista, yule wa fulani si nimeona gari lake kwenu kliniki? Alikuwa anajibu, "Magari ni mengi Amerika." Akiona mtu anaendelea, anamalizia, "Kama una mdomo wa kuuliza, una mkono wa kuosha sufuria." Na sufuria za kanisa ni kubwa.

Sasa nifike kwa mtoto wangu.

Mtoto wangu anaitwa Makena. Jina nililompa mimi akizaliwa ni lingine, la kiume, nami silitaji hapa kwa sababu amelikataa na ni haki yake. Aliniambia akiwa na miaka ishirini, jikoni kwetu Burnsville, kwamba yeye ni mwanamke, ni transjenda, na amekuwa hivyo tangu anajijua. Nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba chakula kinapoa. Aki, naona haya mpaka leo. Sikumfukuza, sikumtukana, lakini nilimwita lile jina la zamani mwaka mzima na zaidi, na kanisani nilipoulizwa kijana wako hajambo, nilisema hajambo, tunamshukuru Mungu. Jina la Makena ni la nyanya yangu. Alilichagua mwenyewe kutoka kwenye hadithi zangu, na hata hilo sikutaka kuliona.

Korona ilipoingia, zahanati alikokuwa akipata homoni zake za kike ilimwandikia kwamba huduma zisizo za dharura zimesimamishwa, atapigiwa simu. Hakupigiwa. Dawa zikaisha. Nilimwona mtoto anazima siku baada ya siku, halali vizuri, hatoki chumbani, hajitazami kwenye kioo. Mimi niliyekuwa nasali ziishe, nikaanza kusali zipatikane. Mungu ana kazi na sisi.

Siku moja akaniomba nimpeleke Saint Paul, kliniki fulani, gari lake lilikuwa kwa fundi. Alhamisi, baridi ya kukata masikio. Tukaambiwa kwa simu tukae ndani ya gari kwenye paking, namba sita, tungoje. Kulikuwa na magari kama ishirini, mengine yana namba za Wisconsin, jimbo la jirani. Basi naona mtu anatoka mlango wa nyuma: koti refu hadi kwenye miguu, kizibao cha manjano cha watu wa barabara juu yake, kilemba cha kitenge, barakoa mbili, na sinia mkononi. Ule mwendo nikaujua. Wee! Nilishuka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa dashibodi. Nikajifunika na skafu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili najificha chini ya usukani kama mwizi wa kuku!

Sista alikuja upande wa Makena. Akagonga kioo kwa kifundo kimoja. "Habari ya asubuhi," akasema. "Nikuite nani?"

"Makena."

"Makena. Jina zuri. Kwenye kadi ya bima wameandika lingine, hiyo ni shida ya bima. Nionyeshe mkono."

Mimi huko chini nikamsikia akimwita mtoto wangu kwa jina lake mara tatu, nne, kwa urahisi, jina ambalo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu hata mara moja. Akampima presha. Akatoa chungwa kwenye mfuko wa koti, naam, chungwa, akamfundisha kujidunga sindano kwa kulidunga lile chungwa, ili asilazimike kuja kila mara katika theluji. "Usilionee huruma," akamwambia. "Halisikii." Makena akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwezi wa tatu.

Halafu akampa karatasi. Nije niieleze hiyo karatasi, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake haswa. Kila mgonjwa wa aina hii alipewa na Sista ukurasa mmoja aliouandika yeye mwenyewe kwa mkono, mwandiko mkubwa wa shule ya msingi: mtu huyu anaitwa hivi, anatumia dawa hizi, ana mzio wa hiki, mambo mengine ya mwili wake hayahusu ugonjwa aliokuja nao, na ukiwa na swali nipigie mimi. Chini ni namba yake ya simu, ya kwake binafsi, si ya kliniki. Waliikunja wakaiweka nyuma ya simu zao. Nilikuja kujua baadaye kwamba wakubwa wake walitaka ile paking ifungwe, wakisema si dharura. Sista akawauliza kwenye mkutano, "Mmemfungia mgonjwa wa sukari? Mmemfungia wa presha? Basi na hawa ni wangu." Walipotaka kuendelea akasema atasimama kwenye paking hata kama kliniki imefungwa, na funguo za friji ya dawa anazo yeye. Hawakuifunga.

Siku ile alipomaliza akaenda gari namba saba. Mimi hakunitazama. Jumapili kwenye ibada ya Zoom akanisalimu kama kawaida, "Mama, kamera yako inaonyesha dari." Jumapili iliyofuata vilevile. Miezi ikapita, na mwanamke yule, ambaye aliniona nimejikunja chini kama gunia, hakuniambia neno, hakunikonyeza, hakuniuliza mtoto anaendeleaje. Kwanza nilifikiri hakuniona. Alikuwa ameniona.

Januari, Makena akaipata korona. Mimi ndiye niliyeileta kutoka kazini, nina hakika. Kwangu ilipita na mafua tu. Kwake ilishuka kifuani. Nilikuwa na kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni, nikakiangalia kikisema tisini, asubuhi yake themanini na saba. Kazi yangu ni wagonjwa, najua themanini na saba ni nini. Nikamwambia twende hospitali. Akasema haendi.

Nilijua kwa nini. Miaka miwili nyuma alikwenda na sikio linaloumwa, sikio tu. Karani akapaza lile jina la zamani watu wote wakageuka. Kisha nesi akaingia, akatoka, akarudi na mwenzake, wakarudi watatu, mtoto amekaa na gauni la karatasi, wanamuuliza mambo ya chini wakati sikio liko juu. Alitoka bila dawa. Akaapa kwamba hospitali ataingia akiwa maiti. Na sasa alikuwa ananiambia vilevile, nusu sentensi, pumzi, nusu nyingine.

Nikampigia Sista. Jumamosi, saa nne asubuhi. Sikujua hata nianzie wapi. "Sista, mtoto wangu..." Akanikata. "Oksijeni ngapi?" Nikamwambia. Nikaanza kulia. "Pima kwanza, ulie baadaye," akasema. "Nakuja." Kutoka Blaine mpaka Burnsville, kaskazini mpaka kusini ya miji yote miwili, yeye na mwendo wake ule! Siku hiyo alifika kwa dakika arobaini. Sijui alipita wapi na sitaki kujua.

Hakuingia ndani, kwa sababu ya wagonjwa wake. Nyumba yetu ni ya chini, ina mlango wa kioo unaotazama nyuma. Akasimama nje ya kile kioo, theluji imemfika kwenye vigimbi vya miguu, Makena ndani amekaa sakafuni na blanketi, wakaongea kwa simu huku wanatazamana. Mimi nikasogea nisikie. Sista akaninyooshea kidole kupitia kioo: wewe, jikoni, funga mlango. Nikaenda. Ndani ya nyumba yangu, kodi nalipa mimi, nikaenda. Nikachemsha maji yasiyo ya mtu yeyote.

Baada ya kama robo saa Makena akafungua mlango wa jikoni. Amevaa viatu. "Twende," akasema. Sikuuliza. Nilipompitisha nje, Sista alikuwa amegeukia upande wa pili, yuko kwenye simu na watu wa hospitali, sauti ya kwaya: "Mgonjwa wangu anakuja. Anaitwa Makena. Ana karatasi. Isomeni kabla ya kufungua midomo."

Waliisoma. Walimpokea mlangoni kwa jina lake, wakampa oksijeni, wakampa kitanda. Wageni hawakuruhusiwa, nikabaki kwenye gari, paking ya hospitali. Na hapo ndipo nikafanya ujinga wangu.

Wewe unajua sisi tulivyo. Mtu akilazwa, tunatangaza. Asiyetangaza ana roho mbaya, au anaficha kitu. Niko pale peke yangu, nikaandika kwenye grupu ya akina mama wa kanisa: kijana wangu amelazwa, hospitali fulani, naomba maombi. Nikaweka na jina. Lile la zamani. Ndilo walilolijua, la Makena sikuwahi kuwapa.

Ndani ya saa moja hospitali ile ilipigiwa simu na mashangazi. Kila mmoja shangazi! Wanaume wawili wakajiita wajomba. Mtu akafika mapokezi na chupa ya uji wa wimbi, jina limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Mapokezi wanatafuta, hawana mtu huyo. Habari ikapanda juu wodini, mpaka msichana mmoja wa huko akaingia kwa Makena na kumuuliza, bila nia mbaya, kama hilo pia ni jina lake.

Makena akang'oa mpira wa oksijeni. Akanipigia. "Mama, umewaambia nini?" Nilisikia vitu vikianguka. Alikuwa anatafuta koti lake. Nikaomba, nikalia, akakata simu. Nikampigia Sista, naye akaniambia weka chini, nampigia yeye. Nusu saa nzima nilikaa kwenye lile gari nikitazama mlango wa hospitali, nikingoja kumwona mwanangu akitoka na gauni la wodi kwenye theluji.

Simu yangu ikalia. Sista. "Amerudisha mpira," akasema. Nikaanza kushukuru. "Usinishukuru. Wewe ni mfanyakazi wa afya, siri ya mgonjwa unaijua. Mzee wako mmoja kazini ungemtangaza hivi?"

"Hapana, Sista."

"Kwa hiyo wa watu unawatunza, wako unamtupa."

Hakuna mtu amewahi kunichapa vile, na mimi nililelewa na fimbo. Nikamwomba aseme na akina mama, yeye wanamheshimu, aandike kitu. Akakataa kabisa. "Mimi siandiki habari ya mgonjwa. Utaandika wewe. Na kwanza umuulize mwenyewe, neno kwa neno. Akisema usiandike, huandiki."

Nikampigia Makena. Nikamwita Makena. Ilikuwa mara ya kwanza, na nililisema vibaya, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Nilisikia mashine ikipumua. Kisha akanisomea cha kuandika, nami nikakiandika kama kilivyo: "Mnayemwombea anaitwa Makena. Ni binti yangu. Msipige simu hospitalini. Uji mpelekeeni mama yake, yuko kwenye paking."

Nikatuma. Kimya. Grupu ya wanawake themanini ambao hawajawahi kunyamaza dakika mbili tangu ianzishwe, kimya. Halafu ikaingia ya kwanza, kutoka kwa Sista, kama vile ndiyo kwanza anasikia habari hizo duniani: "Makena. Amina." Mmoja akatoka kwenye grupu. Wakatoka wengine wanne. Kisha mwenyekiti wetu, mtu wa maneno mengi, akaandika maneno machache kuliko yote aliyowahi kuandika: "Makena, amina." Wakafuata. Niliwahesabu ishirini na tisa, na kila mmoja aliandika lile jina. Jioni dirisha la gari likagongwa. Chupa ya uji.

Alikaa hospitali siku kumi na moja na alitoka na miguu yake. Najivunia. Najivunia mtoto wangu aliyenisomea ujumbe ule akiwa hana pumzi, na najivunia kwamba katika miji hii miwili, mwaka ule, watu waliokuwa wamefungiwa milango kila mahali walikuwa na mahali pao, na aliyewasimamia na sinia kwenye barafu alikuwa mwanamke wetu, wa kwetu kabisa, na kilemba chake cha kitenge. Watu wakisifu mashujaa wa korona mimi husubiri wamalize, kisha nasema, sasa niwaambie wa kwetu.

Sista alistaafu. Nikapotezana naye kidogo, mpaka mwaka jana, mwezi wa pili, nilipotoka shifti na kupita ile mall kubwa ya Roseville kabla maduka hayajafunguliwa. Asubuhi wazee huenda kutembea humo ndani, maana nje ni barafu. Nikamwona anapita mbele ya duka la viatu, mwendo wa haraka, haraka kuliko alivyowahi kuendesha gari. Nikamkimbilia. Mkono ukanyooka: "Umenawa?"

Tukazunguka pamoja. Nilikuwa na kitu moyoni kwa miaka. Nikamwambia, Sista, kanisani ulikuwa upande wa mchungaji kwa kila kitu, hata juu ya watu kama Makena nilikusikia kwa masikio yangu. Na Alhamisi unasimama kwenye paking. Wewe hasa ulikuwa unaamini nini?

Hakupunguza mwendo. "Mama Makena," akasema, "nimesoma vitabu, nimekaa kwenye semina, nimewasikiliza wenyewe. Mpaka leo sielewi."

"Huelewi? Na miaka yote ile?"

"Miaka yote ile nilikuwa kazini."

Akaniaga, ana mzunguko mmoja umebaki. Nilirudi kwenye gari nimeumia, sitaficha. Nilikuwa nimejijengea kwamba moyoni alikuwa upande wetu, kwamba kuna siku alilia kwa ajili yetu akiwa peke yake. Nikampigia Makena. Siku hizi ni fundi umeme, anakaa Minneapolis, nilimkuta kwenye mapumziko juu ya ngazi fulani. Nikamweleza yote, kwa hasira, huyu Sista tunayemsifu, kumbe.

Akacheka. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, tumezoea. Lakini alichosema nitakiweka kwa lugha yetu.

"Mama, hilo aliniambia mwenyewe pale kwenye kioo, ulipokuwa jikoni. Aliniambia, 'Mimi sikuelewi, mwanangu, na leo huna pumzi ya kunieleza.' Wengine wote walitaka niwaeleze kwanza ndipo wanitibu. Nikavaa viatu."